Neno Ambalo Waithira Haliandiki

Saa nne asubuhi, na wanafunzi wamejaa nje ya ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha kibinafsi mjini Eldoret. Mfumo umekwama. Ndani, Waithira Thuo ameiacha chai yake ipoe. Ameinamia skrini nyeusi isiyo na picha wala mapambo, maandishi tu, na anaandika amri fupi. Orodha ya programu inajitokeza, kila moja na kiasi cha nguvu za prosesa inachokula.

"Ni hii hapa," anasema akigusa mstari wa juu. "Inakula asilimia tisini na nane peke yake. Sasa hizo zingine zitakula nini?"

Anaandika "pumzika" na namba ya programu hiyo. Foleni inaanza kusonga.

Fundi mwingine angeandika "kill", yaani ua. Ndiyo amri yenyewe. Waithira haiandiki, na ukijua sababu hutamcheka.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilimkuta mtaani Huruma, hapa Eldoret, msichana wa miaka kumi na saba akilelewa na kaka yake, Ng'ang'a, aliyekuwa na saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti. Vijana walipovunja mlango, Waithira alikuwa chini ya kitanda.

"Nilisikia mtu akisema 'ua'. Sikusikia kitu kingine," anasema.

Ng'ang'a aliuawa hapo mlangoni. Saiba iliteketea, lakini kazi ya kompyuta aliyomfundisha dada yake ndiyo iliyomlisha baadaye.

Alipoajiriwa chuoni, programu ilikwama hivi hivi. Vidole vikagoma kuandika "kill". Badala ya kusimamisha programu moja, alizima mtambo mzima, na alama ambazo walimu walikuwa wakiingiza zikapotea zote. Nusura afutwe kazi.

Mwenzake, Kipkoech, wa kabila moja na vijana wale, ndiye aliyemuuliza kulikoni.

"Niliogopa kumwambia. Nilidhani ataona nasema watu wao vibaya," anakumbuka Waithira. "Akaniuliza tu, 'Sasa wewe ungetaka tuiite aje?'"

Siku hiyo Kipkoech aliipanga mashine ielewe kwamba "pumzika" ni "kill". Wamefanya kazi hivyo miaka yote hii, na hakuna aliyewauliza.

Ijumaa ijayo Waithira atafanya mtihani wa vitendo wa kuwania ukuu wa kitengo. Atapewa kompyuta mpya isiyolijua neno lake, na asiyeweza kusimamisha programu iliyokwama ameanguka.

"Nilimwambia niongee na wasimamizi, wataelewa," anasema Kipkoech. "Akakataa kabisa. Huyu mama ni mgumu!"

Waithira anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Sitaki kuhurumiwa. Nataka kuliandika mwenyewe," anasema. "Niliandike, nibonyeze, alafu nigeuke nione ni programu tu imesimama. Hakuna mtu analia."