Betri za Foni ya Parokia

Mtu akiniambia leo kwamba teknolojia inaunganisha watu, ninanyamaza, maana nikifungua kinywa tutagombana. Minye, yaani mimi, ilinikata. Ilinikata mchana kweupe, watu wakipiga makofi, na bwana yangu mwenyewe alikuwa mmoja wa waliosaidia.

Ilikuwa Likasi, mji wa migodi wa Katanga, katika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaanguka. Kiwandani watu walikwenda tu kukaa kivulini na kurudi. Mshahara ulikuwa hadithi. Jumamosi sisi tunaiita siku ya posho, kwa sababu zamani ndiyo siku kampuni ilipogawa unga. Posho ilikwisha, jina likabaki, tukawa tunalitaja na njaa tumboni. Simu? Waya zilikatwa zikauzwa kama shaba. Posta walilala mbuzi. Na umeme, hapo ndipo hasira inaponipanda hata leo: nyaya kubwa zinazotoka kwenye mabwawa, kule upande wa Tshangalele, zinapita juu ya vichwa vyetu, unazisikia zikivuma, na chini yake mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, gizani. Transfoma ya mtaa wetu iliungua, wakubwa wakatuambia tuchange. Tulichanga. Mpaka leo sijui tulichangia nini.

Baba yangu alikuwa fundi kiwandani, mtu wa Kasaï aliyefika Likasi akiwa kijana na kutuzaa sisi wote pale. Watu wa Kasaï walipofukuzwa Katanga, alilala stesheni pamoja na mama na wadogo wangu, wakingoja treni na umati wa wengine, mvua ikiwanyeshea. Minye nilikuwa nimeolewa na mtu wa hapa. Baba alitaka nipande treni nao. Nilikataa, nilimpenda bwana yangu, na sikuona kosa langu wala lake. Siku treni ilipoondoka nilimpa baba mkono, naye hakuupokea. Alisema tu kwamba nimeshachagua watu wangu.

Baada ya hapo mimba ikatoka. Nyingine nayo ikatoka. Hospitali waliniambia damu yangu ni kidogo, nile nyama. Nyama ya wapi, Mungu wangu? Mama mkwe wangu hakuuliza habari ya nyama. Mimba ya tatu ilipoanza kuonekana alinikalisha chini, akaniuliza: “Baba yako iko na kasirani na weye?”

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza, na kwa watu wa bwana yangu vile vile. Mzazi akibaki na hasira moyoni, tumbo la mtoto wake halitulii. Dawa yake inajulikana: baba anachukua maji kinywani, anayatema chini, anasema kwa sauti kwamba hana neno tena na mtoto wake, na mtoto anaitika. Akiitika ndipo jambo limekwisha. Asipoitika ni bure, baba amesema na ukuta. Kuna watu wa kanisa za maombi waliokuwa wakinicheka, eti hayo ni ya kipagani. Wacheke. Hawakuzika nilichokuwa nimezika minye.

Lakini baba alikuwa Mwene-Ditu, kule Kasaï, na treni ilikuwa inapita siku ikipenda. Barua wazee waliikataa, kwa sababu karatasi haina mate. Ikabaki foni.

Foni ni ile radio ya kusema na kupokea. Ya parokia yetu ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya sakristia, ikitumia betri za lori zilizojazwa na sahani za jua juu ya mabati. Mnaagana siku na saa na watu wa upande wa pili, unafika, unapanga mstari, na mambo yako yanasikika na kila aliye kwenye mstari. Ndoa zimevunjika pale mbele ya watu. Ukimaliza kusema unatamka “à vous”, yaani zamu ni yako, kisha unaachia kidude cha mkononi ili mwenzako naye aseme. Wazee wa mtaa walijadili kama baraka inaweza kupita mule, wakajadili kama maaskofu, mchana kutwa, na munkoyo wangu, kinywaji cha mahindi, wakaumaliza. Mwishowe wakakubali: kinywa ni kile kile, sikio ni lile lile, mradi tu mtoto aitike.

Baba hakutaka kusikia. Mama yangu, tuliyemfikishia ombi kwa foni, alimbembeleza miezi na miezi, na mimba inakua. Hatimaye likaja jibu: siku ya posho inayokuja, saa tisa, atakuwa kwenye foni ya Mwene-Ditu. Nililia, nikafua kikwembe changu kizuri kana kwamba baba ataniona.

Sasa, wageni. Parokia yetu ilikuwa na urafiki na parokia moja ya Ulaya, na wale watu, kwa moyo mwema kabisa, walikuwa wamekusanya ordinatere, yaani kompyuta, kuukuu za maofisini mwao ili watuletee. Kabla ya kuzituma waliuliza: muna umeme? Muna simu? Komite yetu ikajibu ndiyo, na ndiyo. Baadaye watu wa komite walijitetea kwamba hawakudanganya: nguzo za umeme zimesimama, nguzo za simu zimesimama. Na nani atamwambia mtu anayetaka kumpa kitu kwamba hana mahali pa kukiweka? Anampelekea mwingine. Halafu kwetu mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Utaazima hata mboga ya jirani ili ale ashibe, akienda ndipo mtalala njaa. Basi ndivyo walivyofanya, waliazima. Nao wazungu, nisiwaache hivi hivi, hawakuuliza hata mara moja tunataka nini. Wangeniuliza, ningewaambia betri.

Walifika, wakataka kuona mashini ikiwaka mbele ya Wakristo wote. Siku gani? Siku ya posho. Komite ikaenda nyuma ya sakristia, ikafungua betri za foni, ikazipeleka kwenye sala, yaani ukumbi wa parokia, ikazificha chini ya meza kwa kitambaa cha altare. Na nani alibeba moja begani? Bwana yangu. Mon père, padri wetu, alikuwa amemwahidi kwamba saa nane zitakuwa zimerudi, na bwana yangu ni mtu wa kuamini ahadi.

Saa nane ndipo sherehe ilipoanza. Mgeni mmoja mrefu alisema, na katekista akatafsiri, kwamba duniani kuna shimo kubwa kati ya wenye mashini hizi na wasio nazo, na kwamba leo, kwa ushirikiano wetu, shimo la Likasi limezibwa. Tukapiga makofi. Minye pia nilipiga, nikiangalia kivuli cha dirisha kinavyosogea. Mkuu wa mtaa naye akasema. Kwaya ikaimba, na unajua kwaya yetu ikianza haina breki. Wamama wakawavika wageni vikwembe. Halafu, nilipodhani tumemaliza, yule mrefu akakaa kwenye mashini na kutuonyesha mchezo wa karata. Mtu mzima anacheza karata peke yake, na parokia nzima imesimama nyuma yake inashangilia.

Nilimwendea mon père nikamnong’oneza. Akaniambia nisiwaaibishe wageni. Nilimtafuta bwana yangu kwa macho. Akaangalia viatu vyake. Nikaona hapana, nikapita mbele na tumbo langu, nikasimama kati ya wageni na ile meza.

“Mon père,” nilisema, “ile betri ni ya foni. Baba yangu ananingoya.”

Wageni wakamgeukia katekista wajue nimesema nini. Na katekista, mtu aliyenifundisha ukweli wa komunyo ya kwanza, akawaambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mama huyu anawashukuru sana kwa zawadi. Wakanipigia makofi. Yule mrefu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Hapo bwana yangu akapata akili. Aliingia chini ya meza, akachomoa nyaya, picha ikazimika, na nikamsikia katekista akieleza kwamba ni kawaida, mashini inapumzika. Vijana wakasaidia, betri zikakimbizwa nyuma ya sakristia. Mwenye foni akazifunga, akageuza vidude vyake, na katikati ya ule mvumo nikamsikia baba yangu. Sauti yake, ile ya kuita watoto jioni waingie ndani.

“Likasi, Likasi. Hapa Mwene-Ditu. Mutoto yangu, uko pale? À vous.”

Nilinyakua kile kidude, nikakibonyeza ili niseme. Taa ndogo ya foni ikafifia, ikafa. Nikiachia inarudi, nikibonyeza inakufa. Foni haitaki nguvu nyingi kusikia. Kusema ndiko kunakokula betri, na ya kusema ilikuwa imekwenda kwenye karata.

“Mutoto yangu, unanisikia? À vous.”

Niliita. Niliita ndani ya lile sanduku kama mwenda wazimu, “Baba, niko hapa, niko hapa,” na wamama waliokuwa kwenye mstari wakaita pamoja nami, kana kwamba tukiwa wengi sauti itafika Kasaï kwa miguu. Baba alirudia, akarudia. Mwishowe, akiwa hajaachia kidude, nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa kando yake, chini chini, bila hasira hata kidogo:

“Hakukuya. Bon. Funga.”

Mgeni mrefu alinikuta nimekaa chini, na safari hii katekista akatafsiri sawasawa. Maskini, machozi yalimtoka. Aliniambia nisikate tamaa, kwamba siku si nyingi mashini hizi zitatuma barua papo kwa hapo, dunia nzima. Nilimuuliza baba yangu ataipokea na nini. Akanipa kitambaa cha kujifutia.

Betri zile zilikuwa zimenyonywa mpaka mwisho na hazikusimama tena. Wageni walikwenda na picha zao. Wiki baada ya wiki nilikwenda kugonga kwa mon père, na kila mara aliniambia ameandika Ulaya kuomba betri. Zilipokuja zilikuwa wino na karatasi za kuchapia.

Nilimtuma mama mmoja muuzaji wa samaki wakavu, aliyekuwa anapanda treni kwenda huko, amweleze baba yote. Treni ilikwama njiani, ikakwama tena. Kati ya hapo nilizaa. Mtoto alitoka mzima, analia vizuri, na wale wa kunicheka wakaniambia unaona sasa. Niliona, na bado kila nilipomnyonyesha nilikuwa ninaisikia ile “hakukuya”, kwamba sikuja.

Muuzaji wa samaki alirudi mtoto akiwa anatambaa. Alikuwa amemkuta mama yangu akiwa katika nguo za msiba. Homa ilimchukua baba mvua zilipoanza. Nilimuuliza kama alikufa na kasirani yangu. Akaniambia maneno aliyopewa na mama, kwamba baba hakuacha kwenda kwenye foni. Alikwenda kila wiki, saa ile ile. Wenye foni walikuwa wanamwambia arudi nyumbani, Likasi haiitiki tena, naye anawajibu: “Iko na mimba, anatembeya polepole. Tungoye kidogo.”