Miksi Niliyoenda Nayo Ukweni

Watu wakiniuliza nilimpataje mke wangu, mimi huwaambia nilipewa na mama yangu, tena bila mwenyewe kujua. Wanacheka, wanadhani ni mzaha. Wacha nieleze.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Yamumbi, mama na mimi, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Yeye alikuwa ameuza omena, wale dagaa wadogo, sokoni tangu alipotoka kwao Western akiwa msichana, na magoti yalipomkataa nikamwambia apumzike, sasa ni zamu yangu. Kazi yangu ilikuwa kurekodi miksi nyumbani, na mpaka leo ndiyo hiyo. Kompyuta kuukuu, kibao cha kuchanganyia nyimbo, maiki moja na hedifoni kubwa za kuziba masikio. Naunganisha nyimbo, moja inaingia ndani ya nyingine bila pengo, hapa na pale natia sauti yangu kusalimia watu, kisha miksi inaenda kwa vinyozi, kwa wenye hoteli na kwa watu wenye sherehe.

Mama hakuipenda hiyo kazi hata kidogo. Kwake muziki ni wa kanisani, na hata huo usizidi. Lakini hakunikataza hata siku moja. Nikivaa hedifoni alikuwa anakaa kitandani nyuma yangu akichagua maharagwe, na nikigeuka ghafla nilikuta midomo yake inacheza. Nilidhani anatafuna kitu.

Kisha nikampenda msichana wa Kiplombe, mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, asiyeogopa mtu isipokuwa baba yake. Mzee alikuwa mtu wa mahindi na ng'ombe. Nilipoenda kujulikana, aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akaniuliza kama hizo nyimbo ni zangu. Nikasema hapana, Mzee, ni za watu, mimi nazichanganya tu.

"Kwa hivyo kazi yako," akasema, "ni kuchanganya vitu vya wenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Msichana akaniambia wazi kwamba baba yake atatoa neno lake mbele ya wazee siku ya posa, na akikataa, yeye hataolewa bila baraka zake. Alilia akinieleza, lakini hakubadilisha neno. Sikumlaumu, ingawa usingizi ulinipotea.

Nikaamua kwamba huyo mzee lazima aisikie kazi yenyewe kabla ya kuihukumu. Shida ni kwamba mtu aliyeenda kuomba mke hasimami nyuma ya spika. Anakaa katikati ya wajomba zake, kichwa chini, anasemewa. Basi nikaamua kurekodi miksi ya saa nzima mapema, ijichezee yenyewe watu wakila: nyimbo za Kikalenjin za kwao na za Kiluhya za kwetu zikipokezana, na za ibada mwanzo na mwisho.

Nilirekodi Ijumaa mchana. Katikati nikafungua maiki, nikakaribisha wageni, nikaendelea na nyimbo. Kumbe sikuifunga. Maiki ikiachwa wazi inabeba kila kitu cha chumbani na kukitia ndani ya rekodi, na wewe uliyeziba masikio husikii ila nyimbo. Kila mtu wa kazi hii ameshafanya kosa hilo, ndiyo maana tunasikiliza miksi yote kabla ya kuitoa. Lakini nilipomaliza tu kuihifadhi, stima ikapotea, na betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Stima ilirudi asubuhi ya siku ya posa, tukiwa tumeshavaa viatu.

Kiplombe walitupokea vizuri, mama, wajomba na mimi. Tukaombewa, tukapewa mursik, maziwa yao ya kugandisha, chakula kikaletwa. Kompyuta ikawekwa dirishani, ikachomekwa kwenye stima na spika, ikaanza. Nikatupa jicho nikaona mguu wa Mzee unafuata ngoma kidogo chini ya meza, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu ukaingia wimbo mmoja wa kwao wa taratibu, ala zikatulia, na pale palipotulia ikatoka sauti ya mama yangu. Alikuwa anaongea na Mungu kama mtu anavyoongea na jirani.

"Baba, wewe unajua hizi kelele mimi sizipendi. Na kama hii ni kazi ama si kazi, hata mimi sijui. Lakini niliporudi kutoka hospitali siwezi kusimama, ni huyu alinifulia nguo, mpaka zile za ndani, na hakununa. Msichana wa watu akiingia hapa hatapigwa na hatalala njaa. Hilo najua. Mwambie huyo mzee. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Jameni! Nilikuwa nimebanwa kati ya wajomba wawili wanene, meza mbele yangu, na kompyuta iko ng'ambo ya chumba. Mjomba mmoja aliacha kutafuna. Mama alikuwa ameinamia kikombe chake kana kwamba anatafuta kitu ndani. Yakasikika maharagwe yakianguka kwenye sufuria, kisha wimbo ukapanda ukafunika yote.

Mzee akaweka kijiko chini. Akaniambia nisimame nirudishe hapo nyuma, kuna mahali hakusikia vizuri. Nikapita juu ya magoti ya watu, nikarudisha. Safari hii hakuna aliyekula. Ilipoisha hakuniangalia mimi, wala wazee wenzake. Alimwangalia mama.

"Mama," akasema, "nimeambiwa."

Wazee walizungumza mambo ya ng'ombe mpaka jioni, lakini neno lilikuwa limeisha pale. Mimi sikusikia mengi. Nilikuwa nawaza ni miaka mingapi mtu amekuwa akiniombea nyuma ya mgongo wangu, hatua mbili tu kutoka nilipokaa.

Mama alininunia wiki nzima kwa sababu ya zile nguo za ndani kutajwa mbele ya wakwe. Nilimwambia asante. Alichotaka ni kitu kimoja, hayo maneno yafutwe, yasisikike tena na mtu yeyote. Nikamwambia nimefuta. Mungu anisamehe, sijafuta.