Blanketi Lililokuwa Chini ya Meza

Mimi si mtu wa kuona vitu, na pombe sijawahi kuonja, kwa hivyo usinikatize. Yaliyonipata Masii niliyaona mchana, saa tisa, miwani nikiwa nimevaa.

Siku ya Kupeana ni kazi ya mikono yangu, nasema bila aibu. Nilianza na kina mama watano na mikeka mitatu kwenye uwanja wa kanisa, na leo watu wanatoka Mwala mpaka Matuu. Unaleta usichotumia, unachukua unachohitaji, hakuna bei na hakuna kuulizwa maswali. Sheria ni moja, na mimi ndiye huitangaza kwa kipaza sauti: leteni kitu mnachokipenda, si matambara! Wananiogopa, na wanaleta.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nilikuja na blanketi jekundu la marehemu mwaitu, mama yangu, aliloshona ukingo kwa uzi wa kijani. Nilitaka kuwaonyesha watu mfano. Kufika pale, roho ikakataa. Nikalisukuma chini ya meza, nikaliziba na mfuko wa viatu.

Saa tisa akaingia Mutheu. Nyumba yake ilikuwa imeungua wiki hiyo hiyo, na alikuwa amempakata mtoto mchanga ndani ya leso iliyolowa manyunyu.

"Mwenyekiti, blanketi zimebaki?"

"Zimeisha, Mutheu. Pole sana."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Akageuka kwenda zake.

Hapo ndipo nikaona mama mzee ameinama mbele ya meza yangu, anausogeza ule mfuko wa viatu bila hata kuomba. Nilitaka kufoka, halafu nikauona mkono. Weee! Kidole gumba cha kulia hakikuwa na ncha. Mwaitu alijikata na panga akikata majani ya ng'ombe, nikiwa darasa la tatu, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Ningekosaje kuujua mkono huo? Alilivuta blanketi, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikidokoa sukari, akaondoka.

Nikazunguka meza, nikamkimbilia Mutheu getini. Mtoto alikuwa amelala ndani ya blanketi jekundu.

"Yule mama mzee ameenda wapi?"

"Mama mzee gani?" Mutheu alikuwa analia. "Si ni wewe umemfunika mtoto sasa hivi? Mungu akubariki, mwenyekiti."

Watu wote pale getini wakanipigia makofi. Wote waliniona mimi.

Niliona aibu mpaka nikatamani kujificha. Lakini sitakudanganya, moyo ulinijaa fahari pia. Nani mwingine ana mama wa kutoka kaburini kuja kumwokolea jina?

Mutheu alitaka kumpa mtoto jina langu. Nikakataa katakata, nikamwambia ukweli wote, nikamwomba amwite Ndunge, kama mwaitu. Akakubali.

Bado mimi ni mwenyekiti, na bado naitangaza sheria. Nawe ukija kwetu na kitu cha kuficha, kiache nyumbani kwako. Ndunge sasa anatembea. Kila akiletwa uwanjani, kabla hata ya kunisalimia, anainama na kuchungulia chini ya meza yangu.