Sanduku Lililojaa na Lililofungwa

Juzi, katika ofisi ndogo ya mji wa Kamembe inayozipelekea barua pepe familia zilizotawanywa na vita, maman mmoja alisimama mbele ya kompyuta, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi. Mama yake atapasuliwa wiki hii hospitalini Gihundwe. Alitaka kaka yake aliye Kisangani na mdogo wake aliye Goma wajue, lakini kompyuta ilikuwa imezuia anwani zote mbili.

"Papa, fungua zote!" akamwambia karani.

"Pole pole, Maman," akajibu. "Sanduku ya kaka ilijaa, barua zikarudi, mashini ikaacha kutuma. Batu bote ba mtaa wake banapokelea barua mule."

"Alishaisafisha! Muntu ametoka kule, anasema tumuandikie."

Karani akaiweka anwani ile kati ya zinazoruhusiwa, akabonyeza. Barua ikaenda.

"Na ya mudogo wangu?"

Karani akaondoa mkono kwenye kibodi. "Ile haikujaa. Yeye mwenyewe aliandika: musinitumie tena."

"Lakini ni mama yake!"

"Najua, Maman. Nikilazimisha yake, kesho nitalazimisha ya nani?"

Maman akajifunga kitambaa taratibu. "Basi andikia kaka tena. Yeye ndiye amwambie mudogo. Na asimgombeze."

Darasani ninakofundisha pia, mtoto aliyechoka na mtoto aliyekataa hunyamaza kwa namna moja, na ukiwa mbele ubaoni huwezi kuwatofautisha. Wa kwanza namwita tena. Wa pili namtumia rafiki yake.