Skrubu ya Mlingoti wa Butere

Osiako alingoja mvua ianze ndipo ashike bisibisi. Katika nyumba yao ya mtaa wa Amalemba, mvua ya alasiri hupiga mabati kwa kishindo, na ndani ya kishindo hicho mtu anaweza kujificha na jambo lake. Mkewe, Jescah, alikuwa jikoni akichambua mboga ya mrenda. Mlango wa kati ulikuwa wazi.

Mbele ya Osiako, juu ya viti viwili vya sebuleni, ulilala ubao wa plaiwudi. Juu ya ubao huo palikuwa na stesheni ya Butere, pale inapokomea reli itokayo Kisumu, imefanywa ndogo kiasi cha kubebwa na watu wawili. Aliijenga kwa miaka, Jumapili baada ya kanisa: reli za mbavu za mwavuli, mabehewa ya makopo, na ndoano za pini zilizoyashikanisha kwa ulegevu, jinsi alivyoyaona utotoni yakivutana. Uliobaki ni mlingoti wa ishara, ule unaomwonyesha dereva kama njia ni salama. Mkono wa mlingoti, kipande cha bati kisichozidi ukucha, ulihitaji skrubu moja tu.

Skrubu yenyewe ilikuwa ya miwani. Osiako hutengeneza miwani na saa kwenye kibanda karibu na soko la Kakamega. Skrubu kama ile amezifunga tangu ujana wake bila kuzifikiria, kama mtu asivyofikiria kumeza mate. Lakini msimu huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Juzi skrubu zilimponyoka moja baada ya nyingine mbele ya mteja wake, Mwalimu Makhanu, naye Osiako akasingizia kwamba mwanga ulikuwa hafifu, akamwomba arudi wiki ijayo. Tangu hapo alikuwa amejiwekea sharti: akishindwa hapa nyumbani, ambako hakuna anayemtazama, basi kule kibandani hana kazi tena.

Aliinasa skrubu kwenye ncha ya bisibisi kwa chembe ya nta. Akaisogeza. Ncha ikacheza hewani, ikagonga ukingo wa tundu, na skrubu ikadondoka kati ya reli. Akaiokota kwa kibano, akajifuta jasho la kiganja kwenye suruali. Ikadondoka tena. Safari hii aliegemeza kifundo cha mkono juu ya ubao, akakandamiza kwa uzito wa bega, na mkono ukatulia. Skrubu ikaingia tunduni. Akaanza kuizungusha polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kifua chake kikalegea.

Hapo mvua ikakatika.

Ndani ya ule ukimya kukasikika mlio mwembamba, ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye baridi. Mabehewa yote yalikuwa yakigongana. Mtetemo haukuwa umekwisha. Ulikuwa umeshuka tu kwenye ubao, ukapita relini, ukayafikia makopo.

“Baba Lynette,” Jescah aliita kutoka jikoni, “leo gari la moshi limeondoka bila kukuaga?”

“Ni upepo.”

“Upepo gani, na pazia limelala?”

Aliinua mkono. Mlio ukakoma. Skrubu ilikuwa imeingia nusu, na kile kipande cha bati kikaning'inia. Hakuweza kuiacha hivyo, maana asingejua kama mkono bado unaiweza kazi. Akaurudisha mkono. Ti-ti-ti-ti.

Jescah akatokea mlangoni akijifuta mikono kwa leso. “Wewe hukaa na hilo gari mpaka chai inalala. Sasa linatembea lenyewe?”

Kisha akautazama mkono, na kicheko kikamkauka usoni. Akaweka kiganja chake juu ya ubao, taratibu, kama anayepima joto la mtoto.

“Tangu lini?”

“Tangu tupande maharagwe.”

“Na tumeshayala.”

Osiako alijishughulisha kupangusa ncha ya bisibisi.

“Jumatatu tunaenda hospitali,” Jescah alisema.

“Jumatatu nina wateja.”

“Watasubiri.”

“Mama Lynette, mtu haoni, atasubiri nini? Na daktari akisema niache kazi?”

Jescah alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

“Malizia hiyo skrubu.”

“Itapiga kelele.”

“Ipige. Nimeshasikia.”

Akazungusha. Mabehewa yakapiga kelele, na safari hii hakuna aliyeyanyamazisha. Skrubu ilikaza, lakini bisibisi ilikuwa imeteleza tena na tena, hata kichwa cha skrubu kikachubuka pande zote na bati likajaa mikwaruzo. Miwani iliyofungwa hivyo asingethubutu kumkabidhi mtu aivae machoni.

Akaiweka bisibisi chini.

“Jumatatu saa ngapi?” akauliza.