Mikulo Mitatu Niliyoichora Ubaoni

Upumbavu wangu ulianza na chaki. Mtu mzima, cheti cha kidato cha nne kimetunzwa sandukuni, nilisimama mbele ya watu nikachora njia ya kwenda mahali ambapo kwetu hata kidole hakielekezwi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Wasomi wa chuo kikuu walipanda Lushoto kufanya mkutano wa hadhara juu ya utamaduni, mazingira na mali ya asili. Tulikutana darasani, wazee wamekalia madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Balozi wetu wa nyumba kumi alinichagua nitafsiri Kiswahili kwa Kishambaa. Mimi, ambaye tangu nimalize shule safari yangu ndefu ilikuwa kushuka Magoma kuuza kabichi, na hata huko nilirudi siku hiyohiyo.

Mbele kabisa alikaa bibi mmoja, jirani yangu. Ukoo wake ndio uliotunza msitu wa tambiko ulio juu ya nyumba zetu, walikoombea mvua. Mtu aliingia humo peku, na hata ukuni mkavu hakuokota. Kijito kilichotoka humo ndicho alichonyweshea bustani yake, na sisi wote tulichota hapo. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu. Kila asubuhi nikimpa shikamoo, aliitikia kisha akauliza kama leo mumewe atathubutu kufika angalau barabarani.

Mhadhiri aliuliza kwa upole kama bado tuna misitu ya mila yenye miti ya zamani. Nikatafsiri. Kimya. Nikatafsiri tena, sauti juu kidogo. Kimya kilekile. Mshambaa yeyote angejua kuwa hilo ndilo jibu: habari za msitu ule husemwa na wenye ukoo, wakitaka, na siku ile hawakutaka. Mimi na kidato changu cha nne nikadhani hawajaelewa. Nikawaonea huruma. Nikachukua chaki, nikachora njia, kijito na mikulo mitatu, miti mikubwa ya mbao za thamani, mmojawapo nikieleza kwamba watu wanne hawaumalizi kuukumbatia. Bibi aliinamisha kichwa. Nilifikiri anasinzia.

Mkutano ulikuwa wa wote, na nyuma alikaa mfanyabiashara wa mbao. Aliinakili ramani yangu kwenye daftari. Alikosea kona moja, nikamfuata mwenyewe nikamsahihishia.

Kabla ya masika alirudi na kibali na wapasua mbao. Waliingia na viatu. Siku nne tulisikia misumeno, na harufu ya mkulo ikashuka mpaka jikoni kwangu. Ilikuwa harufu nzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Baadaye kijito kilipungua, kikakauka. Wazee hawakunikemea. Walinyamaza tu nilipokaribia, na safari hii sikuhitaji kutafsiriwa.

Bustani ya bibi ikafa. Asubuhi moja nilimkuta akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Nikampa shikamoo, nikanyoosha mikono nimpokee. Hakuniachia. Nikajitetea kwamba wageni walikuwa wanasubiri jibu, nami nilitaka kusaidia tu. Akaitua ndoo mwenyewe, akanitazama.

"Mume wangu, miaka yote nakucheka hutoki nyumbani. Afadhali ungekaa."