Bata wa Babu na Runinga ya Chogo

Vijana wa siku hizi wakifufua gemu za zamani huja kuniuliza wanunue runinga gani. Wameshasoma kila kitu kwenye simu, wananitajia inchi na waya kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuuliza. Nawajibu neno moja tu: chogo. Ile runinga yenye kisogo kikubwa nyuma, ambayo ukiibeba peke yako ndipo unajua kama asubuhi ulikula. Wakianza kubisha nawafukuza. Sina subira na mtu anayeuliza swali halafu anataka kunifundisha jibu.

Na nina haki ya kujidai. Nilikuwa na kibanda cha gemu pale Soweto, Moshi mjini, wakati ambapo mwanamke mwenye kibanda alitegemewa auze vitumbua. Akina mama wa mtaa walisema nawaharibia watoto. Watoto wenyewe walisema runinga zangu ni nzuri kuliko za kwao, na hawakudanganya. Nilizichagua mwenyewe kwa mafundi. Naiwasha, naangalia kama kona moja imegeuka zambarau kwa sababu mtu aliwahi kuweka spika karibu, nasikiliza kama inapiga mluzi. Kibandani niliweka pazia nene na taa nikazima, maana mwanga ukiingia kwenye kioo huoni unachopiga. Kwa hiyo ukoo mzima ulikubali kwamba katika mambo ya runinga, mtaalamu ni mimi. Ndiyo maana yaliyotokea Krismasi ile kwa babu, kule Kirua Vunjo, yaliniuma kuliko yalivyowauma wengine.

Gemu nilifundishwa na babu. Baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na duka Himo miaka ya tisini, na siku moja akapandisha nyumbani mashine ya gemu iliyovuka mpaka kutoka Kenya: kaseti moja, pedi mbili na bunduki ya plastiki. Alituletea sisi wajukuu. Babu akaomba bunduki aikague kidogo, na hakuirudisha. Kaseti ilikuwa ya kuwinda bata. Ndege wanaibuka kwenye majani, wanaruka, na wewe uwapige kabla hawajapotea juu ya kioo. Mzee ambaye maisha yake yote aliwinda fuko tu kwenye migomba akawa mwindaji hodari kwa wiki moja.

Runinga yenyewe aliinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa chogo la kabati la mbao, na bibi akalivalisha kitambaa cha kufuma siku ileile. Kabla nchi haijapata stesheni zake tulikuwa tunadaka ya Kenya kwa antena iliyofungwa juu ya mti wa mgrivea, chenga nyingi kuliko habari. Bata hawakuhitaji antena, na hawakuwa na chenga.

Ikawa desturi. Kila mkesha wa Krismasi, watu wakishapanda kutoka Dar, Arusha na popote Mchagga anapotafutia maisha, babu alikaa mbele ya chogo akaua bata wote, sisi tukapiga makofi. Mgeni angedhani ni mchezo. Kumbe kesho yake babu ndiye angeshika kisu na kugawa nyama, na hapo hakuna mchezo. Kwetu nyama ya sikukuu haikatwi ovyo. Kidari kina mwenyewe, mbavu zina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, na kuna shangazi mmoja ambaye ukimpa kipande cha mtu mwingine hatasema neno, ila mwaka mzima hatakanyaga kwako. Anayegawa ndiye mkubwa wa nyumba. Sijui nani alianzisha upuuzi huu, lakini sote tuliamini kwamba babu akiwapiga bata, basi jicho bado ni zima, mkono bado ni mzima, na kisu kibaki kwake.

Mwaka ninaousema, baba mkubwa alikuwa ameshahamia Dar. Alikuwa na kitambi na maoni mengi. Akapanda na runinga nyembamba ya kutundika ukutani, ya kwanza kijijini kwetu.

"Mtaalamu," akaniambia, "fanya kazi yako."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nililitoa chogo mwenyewe, nikasaidiwa na binamu zangu kulipeleka kwenye stoo ya kahawa. Ile nyembamba nikaitundika ukuta wa pili, mbali na dirisha, nikafunga pazia, nikazima taa. Nikaunga mashine ya gemu. Bata wakatokea wakubwa ajabu. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikaona raha.

Babu akaletwa, akakaa, akashika bunduki. Bata wa kwanza akaruka. Babu akafyatua. Bata akaenda zake. Wa pili naye akaenda. Mashine ikatoa ule mlio wake wa kejeli, na mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Babu akaendelea mpaka mwisho na hakuanguka hata mmoja.

Baba mkubwa akasafisha koo. "Mzee, umetulea vizuri. Macho nayo huchoka. Kesho nitakusaidia kugawa."

Nilimchukia. Alisema kwa upole, na upole ndio ulionichoma zaidi, maana kila mtu alijua kwamba hicho kisu amekitamani tangu anyoe ndevu za kwanza. Babu aliinuka, akakitoa kisu kwenye ala pale kilipotundikwa, akampa mwanawe mpini kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akatoka kwenda kukaa kwenye banda la ng'ombe.

"Krismasi njema," akasema bibi, akaurudisha jikoni mtori, supu yetu ya ndizi.

Mimi hasira zikinipanda lazima nipige kitu. Nikaichukua bunduki. Huwa sikosi bata. Watoto wa Soweto walikuwa wanakuja kuniangalia tu. Nikafyatua, nikakosa. Nikasogea karibu, nikakosa. Nikafyatua huku mdomo wa bunduki umegusa kioo, bata akapita mbele yangu kama ananisalimia.

"Lete hapa," akasema baba mkubwa. "Mmezoea kubahatisha." Akakunja mikono ya shati, akasimama kiaskari. Akakosa wote. Akabadilisha jicho, akakosa wote tena. Watoto safari hii walicheka na hakuna aliyefinywa.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Bunduki ile haitoi kitu. Ina jicho mdomoni. Ukifyatua, runinga inamulika kidogo pale bata alipo, na jicho likiuona mwanga, bata anahesabiwa amekufa. Chogo linamulika papo hapo. Nyembamba inafikiri kwanza, na ikimaliza kufikiri bata ameshavuka mpaka. Nikawaeleza wote kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba mzee hana kosa, kosa ni la runinga, na runinga imetoka Dar.

"Sawa, nimeelewa," akasema baba mkubwa. "Mpelekee kisu chake."

Nikakipeleka bandani. Babu alikuwa amekaa juu ya majani ya ng'ombe, mikono magotini.

"Mchumba," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "mimi nimetolewa mbele ya watu. Sirudishwi mlango wa nyuma."

Nikarudi na jibu hilo. Bibi akamwangalia mwanawe, akaelekeza kidole nje kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Huko ndiko yanakoota masale. Sale ni mmea wetu wa kuombea msamaha: mtu akikuletea jani lake amelifunga fundo, huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama amekuchomea nyumba. Basi nikapata bahati ya kumwona mfanyabiashara wa Dar, na viatu vyake vya ngozi, akizama kwenye tope la migomba kutafuta jani kwa ajili ya bata wa runinga. Alianguka mara moja. Sikwenda kumwinua, nilikuwa nafurahi.

Babu akalipokea jani. "Nimesamehe," akasema. "Lakini kisu nitakichukua mbele ya bata."

Chogo likatolewa stoo. Kuku alikuwa ameshalalia kile kitambaa cha kufuma na hakutaka kuondoka, akabebwa naye mpaka mlangoni. Wanaume wanne walilinyanyua huku kila mmoja akimwambia mwenzake anabeba upande mwepesi. Tukaliweka palepale pake pa zamani, nikaunga waya, nikafunga pazia.

"Washeni taa," akasema babu.

"Babu, taa itaharibu picha."

"Leo sikukuu. Washa taa."

Nikawasha, huku nanung'unika, maana utaalamu wangu wote ulikuwa unakanyagwa. Globu ilikuwa inaning'inia juu kidogo ya chogo, bila kifuniko. Babu akainua bunduki. Bata wa kwanza akaruka, akaanguka. Wa pili akaanguka. Wakaanguka wote, mmoja baada ya mwingine, na sebule ikawa kelele tupu, baba mkubwa mwenyewe anapiga makofi na tope limemkaukia magotini.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha babu, na niliona kitu ambacho wenzangu, kwa kuwa walikuwa wanatazama bata, hawakukiona. Mdomo wa bunduki haukuelekea kwenye kioo kabisa. Ulielekea juu, kwenye globu. Bunduki ile ilikuwa ya bei rahisi na haikujua bata; ilijua mwanga tu, na mwanga wowote mkali uliiridhisha. Babu hakuwa anamlenga ndege yeyote. Alikuwa anasikiliza mlio wa mbawa, halafu anapiga taa.

Nikanyamaza. Kisu kikarudi kwake mbele ya ukoo mzima, na mimi peke yangu nikawa najua kwamba tumemkabidhi mtu asiyeona.

Kesho yake baada ya misa nilikaa karibu naye kuliko mwanamke anavyoruhusiwa kukaa penye kugawia nyama. Wajomba waliniangalia vibaya, nami nikawaangalia vibaya vilevile. Niliogopa vidole vyake, na niliogopa yule shangazi yetu. Babu alipapasa kila kipande kwa kidole gumba, akafuata mfupa, akatulia kidogo, akakata, akamwita mwenyewe. Hakukosea. Shangazi alipokea chake, akakigeuza, akatafuta dosari, akakosa, akakaa chini amekasirika kidogo kwa kukosa sababu.

Watu walipoanza kula babu akaniegemea.

"Uliona jana."

"Niliona, babu. Tangu lini?"

"Bata tangu zamani niliwaona kama vivuli tu, na tangu Krismasi iliyopita siwaoni kabisa. Naona mwanga, na watu kama moshi. Wewe nakujua kwa kelele."

Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi. Nikamuuliza kwa nini hakusema, mjini kuna madaktari wa macho, watu wanatolewa utando wa mtoto wa jicho kila siku wanarudi nyumbani wanasoma magazeti. Akanijibu kwamba anajua. Ila ukisema huoni kabla ya sikukuu, wanakupeleka hospitali na kisu hawakurudishii tena, hata ukipona. Ukisema baada ya sikukuu, una mwaka mzima wa kupona.

"Subiri baba yako mkubwa apande basi," akasema. "Halafu unipeleke."

Nikampeleka. Alilalamika kuhusu uji wa hospitali, godoro na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa anakoroma. Walimtoa utando jicho moja, baadaye la pili. Alipokaa sawa nikampandisha nyumbani Kirua, na kitu cha kwanza alichoomba, kabla hata ya chai, ni bunduki yake.

Nikafunga pazia, nikazima taa, nikawasha chogo. Safari hii hakuniambia kitu kuhusu taa. Bata wa kwanza akaruka, babu akalenga vizuri kabisa, katikati ya kioo. Kisha akaishusha bunduki mapajani. Akaja wa pili, akaja wa tatu, mashine ikaanza kutukejeli.

"Babu, piga. Wanakwisha."

"Waache kwanza," akasema. "Wana shingo za kijani. Mbona hamkuniambia?"